Maiti Wote Wanapumua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shemeji karudishwa kutoka hospitali. Daktari kamwambia dada, kwa upole, kwamba mapafu yamechoka na wao wamefika mwisho wa uwezo wao. Akae nyumbani. Aegemee mito. Ale anachotamani. Dada alinisimulia huku akikunja shuka. Hakulia. Alimaliza kuikunja, akaikunjua, akaanza upya.

Nimehuzunika kweli. Huyu mtu alinipokea kwake wakati biashara yangu ya kuku ilipokufa, kuku na biashara pamoja, na hajawahi hata siku moja kuniuliza naondoka lini. Nilikwenda stoo ya nyuma, ambako ndiko ninakolala, kati ya mitungi mitupu na godoro lililopasuka. Nikafikiria kifo. Halafu nikafikiria chumba cha mbele.

Naweza kuandika hapa, hakuna anayesoma. Chumba cha mbele kina dirisha kubwa linalotazama barabara. Kina mlango wake. Ni chumba cha kinyozi kamili, kinasubiri vioo tu. Kiti ninacho. Nilikipata kwa kinyozi mmoja aliyefunga kazi: cha chuma, kinapanda, kinashuka, kinalala chali. Kimekaa koridoni tangu mwaka juzi, na kila mtu wa nyumba hii ana kovu kwenye ugoko kwa ajili yake.

Na shemeji wamemlaza wapi? Chumba cha mbele. Eti kuna hewa.

Itabidi niwe karibu naye. Sina ubaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeinama. Asubuhi niliingia na chai, uso umejaa huruma. Nikamkuta fundi cherehani.

Fundi cherehani ni mpangaji wa chumba cha pembeni. Mnene, mpole, sindano zimejaa kwenye kola. Watu wote wanampenda, jambo ambalo siku zote nimelitilia shaka. Alikuwa juu ya stuli anapima dirisha. Dirisha langu! Kasema anashona pazia zito ili mgonjwa aangalie televisheni mchana bila kuumizwa macho. Dada alipomuuliza habari ya malipo alipunga mkono tu. Mtu anayekataa malipo anatafuta kitu kikubwa zaidi. Leo pazia, kesho cherehani, keshokutwa bango juu ya mlango.

Shemeji alimshukuru kwa maneno mengi, na pumzi yenyewe haimtoshi. Kwa chai yangu alisema ahsante, basi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata njia. Filamu.

Shemeji alikuwa mwendesha mitambo wa jumba la sinema, kabla halijageuzwa ghala la saruji. Amekaa miaka kwenye kile kichumba cha juu, joto kali, macho kwenye kitundu. Alichotoka nacho ni mapafu mabovu na mapenzi ya filamu za Kitaliano. Si zile zinazopewa tuzo. Anapenda za polisi na wauaji, za zamani, za bei poa, zilizotengenezwa haraka haraka na watu wasio na kitu. Ana sanduku zima la diski chini ya kitanda. Tatizo lake ni kwamba hakuna wa kuangalia naye. Dada hataki kuona damu. Fundi cherehani anasinzia kabla majina hayajaisha.

Nikajitolea. Dada aliniangalia kwa mshangao, akaniongezea nyama mchana.

Sasa niseme ukweli kuhusu hizo filamu: ni takataka. Mtu anafunga mdomo, maneno yanaendelea. Damu ni rangi ya kupaka mlango. Gari dogo linafukuzwa na gari dogo jingine, na kila mtaa una maboksi matupu katikati ya njia, yote lazima yagongwe. Kamishna ana masharubu ya kubandika. Akiwa ofisini yako katikati, akitoka nje yamehamia kushoto. Ngazi za hoteli ndizo ngazi za hospitali, na baadaye zikawa ngazi za kituo cha polisi. Wamebadilisha ua kwenye chungu, basi.

Shemeji anacheka mpaka anakohoa, anakohoa mpaka namshika mgongo. Alipopata pumzi alisema hiyo ndiyo raha yenyewe. Mwenye pesa anakuficha kila kitu. Hawa hawakuweza kuficha, kwa hiyo unawaona kabisa wanavyohangaika na kazi yao. Mimi sikuona raha ya kuangalia watu wakihangaika bila uwezo. Hiyo ninaipata hapa nyumbani.

Kuna mchezo kanifundisha. Mtu akiuawa, usiangalie muuaji, angalia tumbo la marehemu. Linapanda, linashuka. Maiti wote wanapumua, shemeji, akaniambia. Hawakuwa na pesa ya kupiga picha mara ya pili. Wa kwanza kuona pumzi anapiga makofi. Kanishinda kila maiti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimerudi. Kwa ajili ya mkakati tu.

Nimegundua kitu. Simu nyekundu ya kamishna leo ilikuwa kwenye chumba cha kulala cha malaya, halafu ikawa kwenye meza ya askofu. Simu ileile, ina ufa pembeni. Nilipiga kelele kabla ya shemeji. Alinipa mkono kama mzazi ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. Sikutegemea kufurahi. Nitakuwa mwangalifu.

Halafu mkakati wenyewe. Shemeji hawezi kulala chali, anazama. Mito inateleza. Nikasema kwa sauti ya mtu asiye na haja kwamba kuna kiti koridoni, kinalala nusu, kina mahali pa kuegemeza kichwa. Fundi cherehani alikuja kunisaidia kukibeba, anahema, sindano zinamchoma shingo. Hajui kwamba amenibebea ushindi wangu kwa mikono yake. Kiti kikishaingia, mimi nimeingia.

Shemeji alikaa. Nikakanyaga pedeli, akapanda taratibu, akaegemea. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku nyingi. Dada alikwenda jikoni ghafla na hakurudi kwa muda. Nilisikia vyombo vinaoshwa ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo ndiyo siku yenyewe. Tumeangalia ile ya glavu.

Tajiri mgonjwa amelala kwenye jumba lake kubwa. Waliomzunguka wanauawa mmoja baada ya mwingine na mtu aliyevaa kofia, koti refu na glavu nyeusi. Kuna daktari mwenye jicho moja. Kuna mpishi anayenoa visu hata wakati wa kulala. Kuna fundi wa suti aliyekuja kumpima mgonjwa, akaangalia saa, akaondoka. Na kuna kaka wa mke wa tajiri, anaishi humohumo, miwani, sauti ya chini, kila siku anakaa kando ya kitanda na kumsomea mgonjwa gazeti. Huyo nimempenda. Mtu wa maana pekee katika nyumba ile. Nimejifunza kitu kwake: kuanzia kesho nitamsomea shemeji gazeti.

Mwishoni kamishna anamkamata mwenye glavu kwenye zile ngazi. Ananyoosha mkono. Anaishika kofia. Diski ikakwama. Kofia ikabaki hapohapo, inatetemeka. Nilifuta diski kwa shati, kwa mate, kwa dawa ya meno. Inakwama palepale.

 Shemeji akasema aliiona zamani mno, kasahau ni nani, na angependa kujua kabla hajaondoka. Alisema kabla sijaondoka kama mtu anayesubiri basi. Nikamshika mkono, nikasema nitamtafutia. Akaniuliza nataka nini. Mimi? Nikasema sitaki kitu. Akaniuliza tena, macho yanacheka. Nikasema, labda, siku za mbele sana, chumba hiki.

Hakukasirika. Akasema sawa. Nikimwambia muuaji ni nani, ama kwa diski ama kwa kichwa changu mwenyewe, atasema na dada nipewe chumba.

Kwa kichwa changu! Yaani mtihani wenyewe ni rahisi hivyo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Si rahisi.

Jana nilisema daktari. Shemeji akasema hapana, anakumbuka daktari alikufa mapema. Leo tumerudia filamu nzima mpaka kwenye kofia. Nikasema tajiri mwenyewe, haumwi, anajifanya. Shemeji alifikiria hiyo kwa heshima, akasema hapana, yule anaumwa kweli, hilo angelijua.

Kama amesahau, anajuaje kwamba si hawa? Nilimuuliza. Akasema akisikia jina lenyewe atakumbuka.

Kanipa msaada. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Nikaruka. Nguo! Ni yule fundi wa suti. Anaonekana mara moja tu na kuangalia saa, nani anaangalia saa bila sababu? Na mafundi wa nguo nawajua, wanaanza na pazia. Shemeji alicheka vibaya sana, ikabidi dada aje na maji. Dada aliniambia nipunguze vichekesho. Sikuwa nachekesha.

Baadaye nilimsomea gazeti. Aliniangalia wakati wote nikisoma. Nadhani ni shukrani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Njama. Fundi cherehani aliingia kutundika pazia, sisi tuko katikati ya filamu. Akasimama na pazia begani, akaangalia kidogo, akamwona kaka wa mke na gazeti lake, akaniona mimi na gazeti langu. Akainama akamnong'oneza shemeji sikioni. Shemeji akamshika mkono, akaweka kidole mdomoni. Wote wawili wakanitazama.

Nikauliza kuna nini. Fundi akasema anauliza kama pazia liguse sakafu.

Haliwezi kuwa pazia. Kuna kitu wanapanga juu ya chumba. Siku hizi ukiwa na moyo safi unazungukwa.

Shemeji hakula leo. Vidole vyake vimekuwa na rangi mbaya kwenye kucha. Nilimwona maiti anapumua, wa kwenye kiwanda, wazi kabisa, nikajifanya sijaona ili apige makofi yeye. Sijui kwa nini. Makofi yake hayatoi sauti tena.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimezunguka tangu asubuhi. Wauza diski wamebaki wachache, wengi sasa wanauza vifuniko vya simu. Wa mwisho alikuwa na kapu la diski kuukuu nyuma ya duka, limefunikwa na turubai. Nikachimba. Katuni. Mahubiri. Mazoezi ya tumbo. Chini kabisa: glavu nyeusi imeshika kofia. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Muuzaji akaniuliza kama nimefiwa.

Nimerudi mbio. Mlangoni nikapunguza mwendo. Nikafikiri kama mtu mzima. Nikimwonyesha sasa, tuko wawili tu, nani atasema kwamba aliniahidi? Mgonjwa anaweza kusahau. Amesahau filamu nzima, atakumbuka chumba? Hapana. Nitaiweka dada akiwepo, asikie kwa masikio yake. Haraka haraka haina baraka.

Diski iko chini ya godoro langu. Sijaiangalia. Tutaangalia pamoja, hilo niliahidi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naandika bila kujua naandika nini.

Dada alikwenda sokoni. Cherehani ya fundi ilikuwa inasikika ukutani. Pazia limefungwa, giza zuri. Shemeji kwenye kiti, nimekilaza kidogo, pumzi inakwenda inasimama. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia nimepata mwisho. Nikamwonyesha diski.

Uso wake uling'aa. Akasema weka.

Nikasema tumsubiri dada. Nikasema lile neno letu la chumba linataka shahidi, si kwamba simwamini. Dada hatachelewa.

Aliniangalia muda mrefu. Akacheka, kacheko kadogo. Akasema basi, kaa. Nikakaa. Akaniuliza mimi mwenyewe, kwa mara ya mwisho, nadhani ni nani. Nikasema mpishi, kwa ajili ya visu. Mpishi, akasema, na akapapasa mkono wangu na kuushika. Tukaitazama televisheni iliyozimwa. Tulikuwa tunaonekana ndani yake, yeye amelala, mimi kando yake na gazeti magotini.

Niliposikia geti nikasema, huyo dada amefika, naweka sasa. Hakujibu.

Nikaangalia tumbo. Ndivyo alivyonifundisha. Niliangalia, mikono tayari, nimpigie makofi. Niliangalia mpaka dada akaingia na kapu, akanikuta nimesimama hivyo, mikono imeinuliwa mbele yangu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Tumemzika. Fundi cherehani alilia kuliko ndugu wote. Alinishika bega, akasema nilimfurahisha sana marehemu siku zake za mwisho. Nilitafuta kejeli kwenye sauti yake, sikuipata. Mjanja sana.

Jioni, watu walipopungua, nilimweleza dada. Sikuweza kukaa nalo. Nikamwambia nilikuwa na mwisho wa filamu mfukoni na alikufa bila kuujua, kwa sababu yangu.  Niliona aibu mbele ya dada yangu.

Dada akanitazama kama ananionea huruma na kunichoka kwa pamoja. Akasema mume wake aliionyesha filamu ile kwenye jumba la sinema mpaka mkanda ukachakaa. Alijua kila kofia na kila ngazi. Hakuwa amesahau kitu.

Nikauliza, sasa alinisumbua kwa nini?

Akasema marehemu alimwambia hivi: akimtaja muuaji kwa kichwa chake mwenyewe, mpe chumba, maana mtu aliyekwisha kujiona hawezi kukudhuru. Na asipomtaja, pia ni sawa, ataendelea kuja. Alipenda uwe unakuja, dada akasema. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake mchana. Hapo ndipo dada alipolia, mara ya kwanza tangu hospitali, na mimi nikalia naye.

Nikamuuliza, kwani muuaji ni nani? Akafuta macho, akasema diski unayo.

Nimefikiri sana usiku huu. Kama alikuwa anajua mwisho, basi sikumnyima kitu. Moyo wangu ni mweupe. Kusema kweli, ni mimi niliyechezewa.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Dada amehamia chumba cha mbele. Kitanda chake, masanduku yake, yote. Fundi amemsaidia kubeba. Nilidhani fundi atakipata yeye, kumbe hata hakukiomba. Sielewi alikuwa anataka nini. Kiti kimebaki humo, dada anakikalia akichambua mchele. Anasema kina joto la mwenyewe. Hakuna mteja atakayekaa sasa kwenye kiti alichofia mtu, kwa hiyo hata hilo limeharibika.

Leo amekwenda sokoni, nikafunga pazia, nikaweka diski. Peke yangu.

Kamishna akaishika kofia. Akaivuta. Ni kaka wa mke! Yule wa gazeti! Aliwaua wote na alikuwa anamsubiri mgonjwa afe, kisa anataka ukumbi wa mbele wa lile jumba, wenye madirisha makubwa, afungue klabu ya dansi.

Sijawahi kuona upuuzi kama huu. Mwandishi aliishiwa. Mtu analishwa, analazwa, halafu anakaa kando ya mgonjwa kila siku akipigia hesabu madirisha yake? Kwa chumba? Watu wa hivyo hawapo. Ndiyo maana sikuweza kumtambua, hakuna mwenye akili timamu angemtambua.

Kamishna akampiga risasi, akaanguka kwenye ngazi zilezile, chungu kilekile cha ua. Tumbo likapanda. Likashuka. Lilikuwa wazi kabisa. Nikapiga makofi, nikageukia kwenye kiti kumwambia. Nimekaa pale muda, filamu imekwisha, mikono bado iko pamoja. Nilimpenda mtu yule. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Dada amerudi mchana akikohoa. Anasema ni vumbi la sokoni. Lakini kikohozi kilikuwa kirefu, na alishika mlango.

Nimempokea kapu. Nimemkalisha kwenye kiti, nimekanyaga pedeli, nimekilaza kidogo. Nimemfunika miguu. Nimemuuliza kama hajawahi kuzipenda hata kidogo filamu za polisi. Akaniangalia. Nikavuta stuli karibu, nikafungua gazeti, nikaanza kumsomea.